Cancer Over Time: grafu nzuri ya vifo vya saratani ya matiti, mradi usiilazimishe kusema

Cancer Over Time ni huduma ya bure mtandaoni ya IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO), yenye makao Lyon, Ufaransa. Huchora mwenendo wa saratani mwaka hadi mwaka kwa kila nchi yenye takwimu, wala huhitaji kujisajili. Lugha yake ni Kiingereza, na hilo ni pungufu la kwanza kwa msomaji wa Kiswahili.

Kuitumia si kazi. Chagua saratani ya matiti, wanawake, kisha vifo, si wagonjwa wapya. Hapa wengi huteleza: idadi ya wagonjwa wapya hupanda nchi inapoanzisha upimaji wa mamografia (picha ya eksirei ya matiti), hata kama vifo vinashuka. Weka nchi tatu au nne tu, la sivyo mistari husokotana. Tazama umri wote kwanza, halafu tenganisha walio chini ya miaka 50 na waliozidi, kwa maana mistari hiyo miwili haiendi sambamba kila mahali. Ukilinganisha kasi ya kushuka, tumia mizani ya logi, ambayo asilimia ileile ya kushuka huonekana kwa mteremko uleule. Ukilinganisha ukubwa wa tatizo, mizani ya kawaida. Kwa nchi yenye watu wachache, vifo kumi zaidi hurusha mstari juu, kwa hiyo angalia kwanza data bila kulainishwa.

Namba inayotoka ni vifo kwa wanawake 100,000, baada ya kusawazisha umri kwa jamii ya kubuni inayoitwa ya Segi. Katika watu 100,000 wa jamii hiyo, 12,000 ni watoto chini ya miaka mitano na 500 tu wana miaka 85 na zaidi. Kwa kuwa saratani ya matiti huua zaidi wenye umri mkubwa, namba hutoka ndogo. Ndiyo maana IARC huipa Marekani kama 12, ilhali takwimu za Wamarekani wenyewe husema kama 19: vifo ni vilevile, ila wao husawazisha kwa idadi yao ya mwaka 2000, yenye wazee wengi. Usichanganye namba hizo katika jedwali moja.

Kwa nchi zinazosajili vifo vizuri, tunaipa nyota 4 kati ya 5. Unaona Marekani ikifika kilele mwaka 1989 kisha kushuka. Kufikia 2022 vifo vilikuwa vimepungua 44%. Uingereza nayo ilianza kuteremka miaka hiyohiyo. Nyota ya tano imepotea kwa sababu mstari wa taifa huficha mengi: mwanamke mweusi wa Marekani hupata ugonjwa huu mara chache kidogo kuliko mweupe, lakini kiwango cha kufa nao ni karibu 40% juu zaidi.

Kwa Tanzania, Kenya au Uganda, nyota 1, na lawama si ya waliotengeneza. Mstari wa vifo haupo. Wengi hufia nyumbani, bila daktari kuandika sababu ya kifo. Kampala ina sajili ya saratani tangu miaka ya 1950, lakini hiyo ni hazina ya kufuatilia wagonjwa wapya.

Pengo hilo watu huliziba kwa kosa moja kubwa: huchukua GLOBOCAN (makadirio ya saratani duniani ya IARC) ya 2018, ya 2020 na ya 2022, wakaziunganisha na kutangaza kwamba vifo vimepanda. Kwa nchi zetu namba hizo ni makadirio. Huanzia kwenye wagonjwa wa sajili chache, kisha vifo hukokotolewa kwa modeli. Toleo jipya huja na vyanzo vipya na mbinu mpya, na IARC yenyewe huonya kwamba matoleo hayalinganishwi. Tofauti unayoiona yaweza kuwa ya hesabu tu.

Toleo moja litumie kulinganisha maeneo. Mwaka 2020 Afrika Mashariki ilikadiriwa wagonjwa wapya 33.0 na vifo 17.9 kwa wanawake 100,000. Amerika Kaskazini 89.4 na 12.5. Gawa mwenyewe vifo kwa wagonjwa wapya uone.

Jambo la mwisho, kwa wanaoandika mipango. Mwaka 2021 WHO iliweka lengo la kupunguza vifo kwa 2.5% kila mwaka. Kupima: pakua jedwali, gawa kiwango cha mwisho kwa cha mwanzo, tafuta kipeuo cha idadi ya miaka (kwa miaka 33, kipeuo cha 33), kisha jibu hilo litoe kwenye 1. Ule mteremko wa Marekani wa miaka 33 hutoa kama 1.7% tu kwa mwaka. Pasipo usajili wa vifo, hesabu kinachohesabika hospitalini, kwa viwango vya WHO hivyohivyo: angalau 60% ya wagonjwa wagundulike hatua ya kwanza au ya pili, majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60, na 80% wamalize matibabu.