Landcruiser 78 ya kulala ndani: ekseli zake na wese linapoishia

Wakuu, leo naleta rivyu ya gari ambayo wengi mnaiona kila siku barabarani kama ambulansi au gari la mradi, ile Landcruiser ndefu tunayoita hadtopu, ila mimi naiongelea ikiwa imegeuzwa nyumba: paa linainuka, kitanda juu, jiko la gesi, friji ndogo, tenki la maji, betri ya pili. Ninayotumia ni 78 yenye injini ya 1HZ, dizeli, silinda 6, cc 4164, haina tabo (kile kifaa cha kusukuma hewa ya ziada kwenye injini), gia za mkono. Kitanda na makabati sitayagusa sana maana kila seremala anatengeneza anavyojua. Nataka kuongelea kitu ambacho kwangu ndo kinaamua kama utafika Mpanda na familia na kurudi salama, yaani ekseli, ule mhimili unaobeba magurudumu, halafu hela ya mafuta, na hivi vitu viwili vimeshikana kuliko watu wanavyodhani.

Nianze na wese maana ndo swali la kwanza kila mtu anauliza. Ikiwa tupu, mwendo wa 80, lita moja inatembea kilomita 8 hivi. Ikishakuwa nyumba, maji yamejaa, karia juu, watoto nyuma na vyombo vyote, tegemea 7, na ukilazimisha 110 inashuka mpaka 6 na kuendelea kushuka. Ina tenki mbili, kila moja lita 90, jumla 180, kwaio kwa hesabu ya 7 una kilomita 1,260 mkononi. Dar mpaka Mbeya ni kama 830, maana yake unajaza Dar, unafika Mbeya na bado una zaidi ya lita 60. Kwa mtu anayeenda maeneo ambayo kituo cha mafuta kinaweza kukwambia "dizeli imeisha mpaka kesho", hilo ni jambo kubwa sana. Ila ujazaji una kazi yake, dizeli inatoa povu na bomba la kujazia halipendi haraka, mwambie muhudumu apunguze kasi, povu lishuke, aongeze tena, la sivyo utaandika umejaza full kumbe bado na hesabu yako yote ya kilomita kwa lita inakuwa ya uongo.

Sasa kwa nini 110 inaumiza hivyo? Uso wa gari hii umesimama wima kama ukuta, na nguvu ya upepo inakua kwa mraba wa mwendo, ukitoka 80 kwenda 100 upepo unaokusukuma unaongezeka zaidi ya nusu ya ule wa mwanzo, na hapo hujaweka karia, mahema na madumu juu ya paa. Mi nakaa 80 mpaka 85 na sioni aibu kupitwa na mabasi. Kama una vitu juu ya karia ambavyo vinaweza kulala ndani, viweke ndani, kwa tabia hiyo tu utaona tofauti kabla hujamlipa fundi hata senti.

Kinachoniuma ni hiki: gari ikianza kubugia mafuta watu wanakimbilia nozeli na pampu ya dizeli, wanafungua injini nzima, wakati tatizo liko kwenye magurudumu. Breki inayoshika kidogo kidogo huisikii ukiendesha gari ya zaidi ya tani mbili, injini inavuta tu, unaona kawaida, kumbe unachoma dizeli kupasha moto diski. Kuna njia rahisi ambayo haihitaji kifaa chochote. Nikitoka Mikumi nasimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu kabla ya kupanda Kitonga, nahakikisha sijakanyaga breki sana kilomita za mwisho, nashuka nazunguka gari yote, nasogeza mgongo wa mkono karibu na katikati ya kila gurudumu kabla ya kugusa. Vuguvugu ni sawa. Unachotafuta ni moja lililotofautiana na wenzake. Kama moja linakutoa mkono na mengine matatu yametulia, hapo kuna kitu, ama pistoni ya breki imeganda na vumbi, ama kebo ya hendibreki hairudi vizuri, ama beringi imekazwa kupita kiasi au imekauka grisi. Kujua ipi ni ipi, piga jeki, zungusha tairi kwa mkono, halafu shika juu na chini utikise. Likizunguka kwa shida ni breki au beringi iliyokazwa mno, likicheza ni beringi imelegea, na kwa mbele inaweza kuwa pia zile beringi ndogo za juu na chini zinazobeba mzunguko wa usukani. Hizo zikilegea ndo ule usukani unaotetemeka vibaya ukigonga shimo kwenye mwendo wa 70 au 80, na wengi wanalaumu balansi ya matairi wanarudia balansi mpaka wanachoka.

Niwe mkweli, grisi mpya kwenye beringi zenyewe haitakuongezea kilomita nyingi kwa lita. Wanaokula mafuta ni breki zinazoshika, upepo mdogo kwenye matairi, alaimenti iliyokaa vibaya, mzigo na mwendo. Grisi kazi yake ni kukufikisha. Kwaio usiruke service ya ekseli kwa sababu hukuona faida kituoni.

Ekseli ya mbele ndo inayotaka mapenzi. Ni ekseli nzima ya chuma toka gurudumu hadi gurudumu, na kila mwisho kuna tufe kubwa la chuma linalong'aa, ndani yake kuna sivi jointi, kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona, imelala kwenye grisi nyeusi ya molibdeni. Kati ya tufe hilo na difu (lile boksi la gia lililo kwenye ekseli) kuna oili sili, mpira unaozuia oili isipite. Hiyo sili ikichoka, oili ya difu inaingia kwenye tufe, inachanganyika na grisi, inakuwa uji mwembamba unaovuja mpaka kwenye breki, na huku difu inapungukiwa oili kimyakimya. Ukiona tufe lina ute unaodondoka na vumbi limegandamana chini yake, usiambiwe "ni jasho tu", sili imekwisha. Beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, zinafunguliwa, zinaoshwa na kupakwa grisi upya kila kilomita 40,000, na kama umevuka mto maji yakapita habu usisubiri hizo kilomita, maana habu ya moto ikizama kwenye maji ya baridi inavuta maji kupitia sili. Difu nayo iko hivyo hivyo, ina kipumulio juu chenye mpira, kikiziba na tope maji yanaingia kwa njia ya sili na oili inatoka rangi ya maziwa. Kipumulio hicho kusafisha ni dakika mbili na karibu hakuna gereji inayokigusa usipokitaja. Oili ya difu ni 90 ya daraja la GL-5, usikubali oili ya kopo lisilo na maandishi.

Hapa ndo nina ushauri wa kuchagua gereji. Nati za beringi za mbele zinataka soketi ya milimita 54. Gereji moja niliuliza, "Fundi, soketi ya 54 unayo?" akajibu, "Bosi hiyo tunafungua na tindo, haina shida", na nati zilizokuwa ndani zilikuwa zimeng'atwa kona zote na matindo ya waliotangulia. Nati iliyogongwa haikazwi kwa kipimo, inakazwa kwa kukisia, na kukisia ndo kunaleta beringi iliyobana au iliyolegea. Nikahama. Fundi ninayemtumia sasa ana hiyo soketi, anapima ukazaji kwa mizani ndogo ya kuvuta, anaweka washa mpya ya kukunja, na anaosha beringi mpaka inang'aa kabla ya kuigusa na grisi. Anachukua siku nzima kwa pande mbili na simharakishi.

Nyuma ndo napenda zaidi. Uzito wa gari umebebwa na habu, saidi shafti yenyewe (chuma kinachotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu) kazi yake ni kuzungusha tu, kwaio ikikatika porini gurudumu halitoki, unaweza kuichomoa bila hata kupiga jeki, unaziba lile tundu vumbi lisiingie na oili isimwagike, unafunga fri-habu za mbele (swichi za kwenye magurudumu zinazoyaunganisha na shafti zake), unaweka foo wili na unatoka polepole ukivutwa na mbele. Niambieni gari gani nyingine ya kulala ndani inakupa nafasi hiyo ukiwa mbali na Sumbawanga na jua linazama. Siku za kawaida, nyuma ikiwa nzima, ukifika lami zifungue fri-habu zako, hakuna haja ya kuzungusha shafti na difu ya mbele bure safari nzima, akiba yake ni ndogo ila ni ya bure.

Nisichopenda. Milimani inachoka, haina tabo, na hewa ya Iringa na Mbeya ni nyepesi, ukikanyaga inatoa moshi mweusi na haiendi zaidi, shuka gia mapema utulie nyuma ya malori ya Tunduma. Kushuka Kitonga tumia gia, sio mguu, breki ikipata moto na grisi ya habu inayeyuka. Springi za nyuma ngumu zikiwa tupu, halafu mafundi wakishajaza makabati ya mbao nzito zinalala. Tenki la maji liwe mbele ya ekseli ya nyuma, sio kwenye mlango, na kabla ya safari ndefu ipimeni kwenye mizani gari ikiwa imejaa kila kitu, mtashangaa. Upepo wa tairi za nyuma upande kulingana na mzigo huo, pima asubuhi tairi likiwa baridi.

Kama safari zako ni za lami tupu, Hiace ya kulala itakulia mafuta kidogo na spea zake ziko kila kona, chukua hiyo bila wasiwasi. Ila kwa anayetaka kufika kule ambako lami inaishia, naipa hii 78 nyota zote isipokuwa moja ya mlima. Ukienda kukagua ya kununua beba tochi na kitambaa, futa yale matufe mawili ya mbele yawe makavu, iendeshe kwenye barabara ya vumbi nusu saa ukikata kona kulia na kushoto, halafu lala chini uyaangalie tena kabla hamjaanza kuongea bei.