Mazoezi ya Mbio Fupi za Mlimani: Uwanjani au Kilimani?

Mkimbiaji wa marathoni wa Kapchorwa nchini Uganda, alikozaliwa Stephen Kiprotich, bingwa wa marathoni wa Olimpiki ya London mwaka 2012, anapojiandaa kwa mbio za kilomita 10 kwenye njia za Mlima Elgon, huweza kuchagua vipande vya kasi uwanjani au mbio fupi za kupanda na kushuka kilima. Uwanjani hupima muda wake kwa uhakika, na miguu iliyozoea mwendo wa kilomita 42 huamshwa. Hata hivyo, ardhi tambarare haimfundishi lolote kuhusu tope, mizizi na kona.

Kilimani saa haina maana kubwa, lakini mapaja na vigimbi hupata nguvu, naye huzoea kuhema tangu mwanzo na, jambo ambalo wengi hulipuuza, hulazimika kushuka. Kushuka kwa kasi ndiko kunakoumiza zaidi, kwa sababu misuli ya mbele ya paja hurefuka huku ikizuia uzito wa mwili, kazi ambayo uwanja hauiandai vya kutosha.

Kwa hiyo ningempa kilima mara mbili kwa wiki na uwanja mara moja, nikisisitiza kwamba mteremko, hasa msimu wa mvua, ukimbiwe kabla hajachoka sana, kwa hatua fupi za haraka, macho yakitangulia mita chache mbele.