Majani ya chai ya kupimwa na maji ya Dodoma: uzoefu wangu

Mtu anayetaka kuonja chai kwa makini akiwa Dodoma hana budi kuanza na maji kabla hajafungua pakiti yoyote ya majani. Mji wetu hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka visima virefu vya bonde la Makutupora, upande wa Mzakwe, na maji ya chini ya ardhi katika ukanda huu yana madini mengi. Kila mwenye birika la umeme anaujua ule ukoko mweupe unaoganda chini yake baada ya muda mfupi wa matumizi. Kwa muda sasa nimekuwa nikinunua majani ya chai ya kupimwa, yaani yale yasiyofungwa katika vifuko vya karatasi, kutoka sehemu mbalimbali, na kuyaonja nyumbani kwetu Ipagala bila sukari wala viungo. Maoni yangu juu ya kila aina yanategemea kwanza jambo hilo la maji, kwa sababu majani yaleyale yanayosifiwa na mtu wa Njombe yanaweza kuonekana duni mezani kwangu, na mkulima asiwe na kosa lolote, wala kiwanda.

Ili ulinganisho uwe wa haki, nilifuata kipimo kinachotumiwa na waonjaji wa chai duniani, kile cha ISO 3103: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, yakae kwa dakika sita. Kwa kunywa kwa kawaida dakika sita ni nyingi mno, lakini kwa kuonja zinafaa, kwa sababu huutoa nje uchungu na ukakasi ambao chai mbovu huuficha katika dakika mbili za mwanzo. Mzani mdogo wa jikoni ni muhimu kuliko kijiko, kwani kijiko kimoja cha majani yaliyosagwa kina uzito mkubwa kuliko kijiko kilekile cha majani marefu. Aidha, Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 96 hivi, si 100. Kwa chai nyeusi tofauti hiyo haidhuru sana, ilimradi maji yamechemka kwelikweli na buli limepashwa moto kwanza kwa maji mengine yanayomwagwa.

Kila aina niliionja kwa maji ya namna tatu. Ya kwanza yalikuwa ya bomba, yaliyochemshwa na kumiminwa papo hapo. Ya pili yalikuwa ya bomba pia, lakini yalichemshwa jioni, yakaachwa yatulie usiku kucha katika sufuria yenye mfuniko, kisha asubuhi nikayamimina polepole ili chokaa iliyotuama ibaki chini, na kuyachemsha upya. Ya tatu yalikuwa ya mvua, yaliyokingwa kutoka bati la nyumba hadi kwenye tangi, baada ya kuziacha mvua za mwanzo za Desemba zioshe vumbi la kiangazi.

Nilianza na majani ya Mufindi, kwa kuwa ndiyo yanayotufikia kwa urahisi zaidi: mabasi yanayotoka Mbeya hupita Mafinga, hushuka Iringa na kuvuka Mtera, na mzigo uliotumwa asubuhi hupokelewa siku hiyohiyo. Haya ni majani ya punje, yaliyosagwa, kuchanwa na kuviringishwa na mashine kwa mtindo ulioanzia Assam, India, katika miaka ya 1930, na ambao sasa ndio unaotawala viwanda vya Afrika Mashariki. Nilipata daraja mbili, BP1 yenye punje kubwa na PF1 yenye punje ndogo. Katika maji ya bomba, zote mbili zilitoa rangi ya kahawia nzito isiyong'aa, na baada ya muda mfupi juu yake kukatanda utando mwembamba unaokatika vipandevipande kijiko kinapopita. Utando huo si uchafu wa majani. Hutokea pale kalsiamu na bikaboneti zilizomo katika maji magumu, yaani yenye madini mengi kama haya yetu, zinapokutana na viambato vya chai hewani, na ndiyo maana tone la limau huuondoa na kuifanya rangi iwe nyepesi mara moja. Katika maji ya mvua, PF1 ileile ilikuwa nyekundu yenye kung'aa, kali, yenye kuuchangamsha ulimi, na bila utando hata kidogo. Maji yaliyotulia usiku yalikuwa katikati: utando ulipungua sana, rangi ikarudi kwa kiasi, lakini ladha ya chumvi chumvi iliyomo katika maji haikuondoka, kwa kuwa kuchemsha hutoa chokaa tu na si kila kitu.

Hata hivyo, kati ya aina zote nilizoonja, Mufindi ya punje ndiyo iliyoyastahimili maji yetu vizuri kuliko zote, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Ukiongeza maziwa, hasa haya mazito ya ng'ombe wa kienyeji tunayoletewa na wafugaji wa vijiji vya jirani, protini ya maziwa hushikana na vile viambato vinavyosababisha ukakasi, na kinachobaki ni chai nzito, laini, yenye nguvu ya kutosha kumtosheleza mtu anayetoka kwenye upepo wa asubuhi wa mwezi wa Julai. PF1 ndiyo ninayoipendekeza kwa chai ya maziwa, kwa sababu punje zake ndogo hukolea haraka. BP1 naiona inafaa zaidi kwa chai ya rangi. Vumbi la chai, lile linalouzwa kwa bei ya chini kabisa, hukolea upesi kuliko vyote lakini hupita kwenye chujio na kuacha tope katika kikombe, nami silinunui tena.

Majani ya Rungwe niliyaonja pamoja na jirani yetu, mama mtu mzima aliyekulia karibu na Tukuyu, ambako kwao wakulima wadogo huchuma chai na kuipeleka kiwandani ingali mbichi. Alipoona ninamimina maji juu ya majani na kuangalia saa, alitikisa kichwa: "Mwanangu, hiyo umeiloweka tu, hujaipika." Kwake yeye chai ni ile iliyochemka sufuriani pamoja na majani yake. Tulitengeneza kwa njia zote mbili. Kwa kuloweka, Rungwe ilikuwa na ladha tulivu kuliko Mufindi, yenye utamu kidogo mwishoni. Kwa kuchemsha, utulivu huo ulitoweka na ikawa vigumu kuitofautisha na Mufindi, ingawa jirani yangu anashikilia kwamba yeye anaitambua, na sina sababu ya kumkatalia mtu aliyeinywa maisha yake yote.

Sasa nifike kwenye chai iliyonifanya niandike haya: majani marefu ya Usambara. Amani, katika Usambara Mashariki, ni miongoni mwa mahali pa kwanza ambako chai ilipandwa nchini, mwanzoni mwa karne ya 20 wakati wa utawala wa Wajerumani, na bado milima ile ya Tanga ina mashamba ya chai. Niliyoyapata mimi yametengenezwa kwa njia ya zamani, ambapo majani hunyaushwa, huviringishwa taratibu bila kusagwa, huachwa yageuke rangi kwa hewa, kisha hukaushwa. Ukiyamwaga mkononi unaona vipande virefu vyeusi vilivyojisokota, na hapa na pale chipukizi lenye ncha ya rangi ya dhahabu. Bei yake ni mara kadhaa ya bei ya majani ya punje, na kwa Watanzania wengi hilo pekee hufunga mazungumzo. Naelewa. Lakini gramu zilezile hunywewa mara mbili, kwa sababu majani haya hukubali maji ya pili, jambo ambalo punje haziliwezi, maana hutoa karibu kila kitu mara ya kwanza.

Katika maji ya mvua, chai hii ilitoa rangi ya shaba iliyo angavu kiasi cha kuona sakafu ya kikombe cheupe. Harufu yake ilitangulia ladha: maua kwanza, kisha ganda la chungwa lililokaushwa. Mdomoni haikuwa na ule ukali wa kugonga ulimi. Ilienea polepole, ikaacha ukakasi mdogo safi kwenye fizi na utamu uliodumu baada ya kumeza. Kuiwekea sukari ni kuifunika, na kuiwekea maziwa ni kuitupa. Mke wangu, ambaye kwa kawaida hanywi chai bila tangawizi na iliki, aliimaliza tupu na akaomba maji ya pili yamiminwe. Lakini katika maji ya bomba, chai hiyohiyo ilikuwa bapa kabisa. Harufu ya maua haikuwepo, rangi ilififia kuwa ya udongo, na kilichobaki kilikuwa uchungu mtupu. Kama ningeionja kwa maji hayo pekee ningeandika kwamba ni chai ya bei kubwa isiyo na kitu, na ningekuwa nimewadhulumu watu walioichuma kwa uangalifu, majani mawili na chipukizi moja kwa wakati. Hapa ndipo ninapotofautiana na maoni mengi ninayoyasikia mjini kwetu, kwamba chai ya majani marefu ni fahari tu ya hotelini. Walio wengi hawajawahi kuinywa katika maji yanayoiruhusu kusema.

Chai ya Nuwara Eliya ya Sri Lanka, niliyoletewa kutoka Dar es Salaam, inatoka katika milima yenye kimo kinachokaribiana na cha Mufindi, lakini tabia yake ni nyingine: nyepesi, ya rangi ya dhahabu, yenye uchangamfu unaokaribia ugwadu. Niliipenda katika maji ya mvua, ila Usambara iliishinda kwa harufu. Katika maji ya bomba ndiyo iliyoumia kuliko chai zote nyeusi.

Kwa chai ya kijani nilijaribu ile ya Kichina iliyoviringishwa kuwa vidonge vidogo vigumu, ambavyo hufumuka polepole ndani ya maji. Hii haitaki maji yanayochemka. Joto la nyuzi 80 hivi linatosha, kwa dakika mbili au tatu. Asiye na kipima joto anaweza kuyahamisha maji yaliyochemka kutoka kikombe kimoja hadi kingine mara mbili na kungoja kidogo. Ina ladha ya moshi wa mbali na majani mabichi, na inafaa baada ya mlo wa nyama. Ya Kenya ya zambarau, iliyotokana na aina ya mmea iitwayo TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, ilinivutia kwa sababu moja ya pekee. Rangi yake hutokana na anthosianini, yaani rangi asilia za mimea, ambazo hubadilika kulingana na asidi iliyomo katika maji, kwa hiyo katika maji ya bomba iligeuka kijivu chenye ubuluu, na nilipokamua limau ikawa ya waridi papo hapo. Watoto waliishangilia. Kwa ladha, nasema ukweli, ni hafifu, na bei yake siioni kuwa ya haki kwa anayetafuta kinywaji cha kila siku.

Choya na mchaichai si chai kwa maana ya mmea wenyewe, ingawa nyumbani kwetu havikosekani. Choya, ambayo hulimwa vizuri hapa Dodoma, ina asidi yake yenyewe na wala haisumbuliwi na maji ya bomba. Mwenye kukosa maji ya mvua aanze nayo.

Kuhusu kununua, ninawasihi wasomaji wanuse kabla ya kulipa. Majani ya chai hunyonya harufu ya kila kilicho karibu. Kilo moja niliyonunua katika duka moja la jumla, ambako gunia lilikuwa wazi karibu na dagaa na sabuni za kufulia, haikunyweka kwa maji ya aina yoyote, na muuzaji hakukubali kuirudisha. Tangu hapo huomba nionyeshwe gunia, huchukua majani kiganjani, huyapulizia pumzi yenye joto na kunusa. Kwa upande wa kutunza, hali ya hewa ya kwetu ni rafiki: majani hutoka kiwandani yakiwa na unyevu wa takribani asilimia 3, na ukavu wa Dodoma huyaacha salama kuliko joto lenye unyevu la pwani. Kopo la bati lenye mfuniko unaobana, mbali na jiko na viungo, linatosha.

Kabatini kwangu sasa yamebaki makopo matatu: PF1 ya Mufindi, Usambara ya majani marefu, na choya. Maji ya mvua katika tangi letu hayavuki Septemba hata tukiyabana, kwa hiyo kuanzia hapo hadi Desemba Mufindi na maziwa ndiyo itakuwa chai yetu ya kila asubuhi, nayo Usambara nitaitengenezea maji ya chupa yenye madini machache, baada ya kusoma kibandiko chake, kwa siku za Jumapili peke yake.