Programu ya ratiba "inayojua Kiswahili" imenikosesha kikao na msimamizi wangu

Jina silitaji, wanaoitumia wataijua. Ni ile programu ya kupanga muda ambayo wanafunzi wa uzamivu tumekuwa tukipendekezana kwenye makundi ya WhatsApp, yenye orodha ya kazi upande mmoja na kalenda upande wa pili. Nililipia mwaka mzima, fedha ya mwanafunzi mwenye watoto, tena kwa kadi kwa sababu malipo ya simu hawapokei. Kwa Kiingereza ilikuwa inakwenda vizuri tu. Balaa lilianza walipoongeza Kiswahili na kunadi kwamba sasa unaandika kama unavyoongea, wao watapanga.

Basi nikaandika kama ninavyoongea. Jumapili moja jioni nikajaza wiki yote. Semina ya idara saa nne asubuhi. Kikao na msimamizi saa kumi jioni. Nani hapa nchini asiyeelewa maneno hayo? Mtoto wa chekechea anaelewa. Programu ikaona "nne" na "asubuhi", ikatega kengele saa kumi alfajiri. Ikaona "kumi" na "jioni", ikapeleka kikao changu saa nne usiku.

Kengele ya alfajiri iliamsha nyumba nzima. Mama mkwe, aliyekuja mjini kwa matibabu, alitoka chumbani akiuliza nani amefariki. Nikadhani watoto wamechezea simu, nikaizima. Semina nikaenda, nikarudi maktaba, nikazama kwenye mahojiano niliyokuwa nayaweka katika maandishi. Simu kimya. Ukimya ule niliulipia, niseme ukweli, maana kazi ya kukumbuka ndiyo niliyoikabidhi kwao. Saa kumi na nusu Profesa akapiga.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba. Mimi nipo ofisini. Wewe upo wapi?"

Wanaosoma uzamivu hawahitaji maelezo zaidi. Profesa ana wanafunzi wengi, ana safari, na sura ya nne yangu ilikuwa mezani kwake tangu sijui lini. Nilipofika mlango umefungwa. Kesho yake alisafiri, nami nikabaki kuhesabu wiki. Halafu usiku ule, saa nne kamili, nikiwa nimejilaza na kichwa kinaniuma, simu ikalia kwa furaha: kikao chako na msimamizi kinaanza sasa!

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu la kwanza: hakikisha saa ya simu yako iko sahihi. Nikaeleza taratibu, kwa adabu, kwamba sisi tunahesabu saa kuanzia asubuhi jua linapochomoza, na kwamba 10:00 ya simu ndiyo saa nne yetu. Si jambo la siri. Huku karibu na ikweta jua halina mizaha. Dar es Salaam mwaka mzima kuchomoza kwake hakutofautiani hata kwa saa moja, kwa hiyo hesabu hiyo inashika vizuri kabisa. Waethiopia nao wanahesabu vivyo hivyo. Jibu la pili, na hili ndilo lililonichefua: wateja wengine hawajalalamika, tunakushauri urudi kwenye Kiingereza upate matokeo bora. Mnaniuzia Kiswahili, nikikitumia mnaniambia nikiache?

Mtu ataniambia, si uandike 10:00 tu yaishe. Nimeandika 10:00 tangu nipate simu ya kwanza. Waliosema nisiandike hivyo ni wao.

Na nikishaanza kuitazama kwa hasira, naona mengine. Haijui kazi ya kungoja. Kwenda kukusanya data kijijini kunataka barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo wilayani, kwa Mkurugenzi, kwa mtendaji wa kata, hadi mtendaji wa kijiji. Programu inataka niweke "kibali" kama kazi ya siku moja, nisipoikamilisha inageuka nyekundu na kunisuta kila asubuhi kwamba nimechelewa. Aliyechelewa ni mimi au ni barua iliyolala masjala?

Lakini haki yake niipe. Ile saa yake ya dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika imeniandikia sura ya tatu. Watoto wakishalala nabonyeza, naandika, inalia, nanyoosha mgongo, narudia. Bila hiyo ningekuwa bado napanga namna ya kupanga. Kwa hilo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu, hata nne.

Kisha nikakumbuka kwamba si mali yao. Ni mbinu ya Pomodoro, ya Mwitaliano Francesco Cirillo, aliyeianza akiwa mwanafunzi wa chuo mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Saa ya kawaida ya simu inafanya kazi ileile bure, kama programu ya Zotero inavyonitunzia marejeo ya utafiti bila kunidai senti. Kwa hiyo nimelipia nini hasa? Rangi?

Nyota moja. Wakirekebisha saa nitaongeza ya pili, siyo zaidi, na kwa sharti la kuombwa radhi. Malipo hayarudishwi, nimeshauliza, kwa hiyo nitaitumia hadi mwaka wangu uishe, kwa Kiingereza, huku nawasema. Vikao vya Profesa naviandika kwenye kalenda ya ukutani jikoni, ambako hata mama mkwe anaweza kunikumbusha.