Pikapu nzito za mtumba: ulizia mwaka na injini kabla ya nembo

Mwaka wa 2003 Ford Super Duty ilitoka na injini mbili tofauti za dizeli. Moja ilikuwa ya lita 7.3, ikiaga. Nyingine ya lita 6.0, ikiingia. Ukiyaweka magari hayo mawili ubavu kwa ubavu, jicho halioni tofauti. Lakini mwenye lile la kwanza huenda anavutia trela hadi leo, na mwenye la pili huenda alishafungua injini mara mbili. Ndiyo maana muuzaji akiniambia "hii ni Ford, unaijua mwenyewe", kwangu hajaniambia kitu.

Ninazozungumzia ni pikapu za Marekani za daraja la 2500 na 3500, yaani F-250 na F-350 kwa upande wa Ford. Nimezipanga kwa ajili ya mtu atakayelifanyisha gari kazi kwa miaka mingi, si wa kwenda nalo matembezi.

Ya kwanza kwangu ni Chevrolet Silverado 2500HD, au ndugu yake GMC Sierra, ya 2006 hadi mwanzoni mwa 2007, yenye injini ya dizeli ya Duramax ya lita 6.6, toleo linaloitwa LBZ. Haina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na nyuma yake ipo giaboksi ya Allison ya gia 6, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuiweka juu. Injini nzuri yenye giaboksi dhaifu ni hasara tu. Kuwa makini na mwaka wa 2007, kwa sababu mwaka huohuo injini ya LMM iliingia pamoja na bodi mpya. Usibahatishe: tazama alama ya 8 ya namba ya chasisi. Ikiwa ni herufi D, ni LBZ. Ikiwa ni 6, ni LMM. Na ulizia kama kompyuta yake imewahi kuchezewa ili kuongeza nguvu, maana pistoni za LBZ hupasuka zikilazimishwa.

Ya pili ni Dodge Ram ya 2003 hadi 2007 yenye injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9. Silinda 6 zimepangwa mstari mmoja, vipuri vinavyozunguka ni vichache, na fundi anaifikia kwa urahisi. Wapo watakaonilaumu kwa kutoiweka ya kwanza, na kwa injini peke yake ningekubaliana nao. Kilichoishusha ni gari lenyewe: gia otomatiki haistahimili mizigo mizito kama Allison, na ekseli ya mbele ikichoka usukani hutetemeka vibaya ukipita kwenye shimo. Ukipata yenye gia za mkono, ichukue. Nozeli zake hazitaki dizeli chafu, kwa hiyo ulizia filta zilibadilishwa lini.

Ya toleo la kabla yake, yaani 1998 katikati hadi 2002, ina pampu ya dizeli inayoitwa VP44. Pampu ndogo inayoisukumia dizeli ikifa kimyakimya, hiyo kubwa huifuata.

Hapa inafaa kueleza kwa nini mwaka wa 2007 ni kama mpaka. Sheria za Marekani zilibana masizi kuanzia mwaka huo, na mwaka wa 2010 zikabana gesi za oksidi za naitrojeni. Watengenezaji wakaongeza vichujio vya masizi, kisha mfumo wa kupuliza kimiminika cha urea. Vifaa hivyo vya mwanzo viliziba hovyo, hasa kwa gari la safari fupifupi lisilopata joto la kutosha kuyachoma masizi. Baadhi ya wenye magari wakaving'oa. Kuving'oa ni kosa kisheria Marekani, na ukinunua gari la namna hiyo, popote ulipo jua kwamba umenunua kazi ya mtu mwingine aliyeigusa kompyuta.

Unayetaka gari jipya zaidi, nafasi ya tatu ni Silverado ya 2017 na kuendelea yenye Duramax L5P. Sababu ni pampu ya dizeli. Duramax ya kabla yake, LML ya 2011 hadi 2016, ilitumia pampu ya Bosch CP4, na hii nataka uielewe vizuri. Pampu hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe. Ikiingia maji au hewa, vyuma vyake husagana, na unga wa chuma husafiri hadi kwenye nozeli zote na kurudi kwenye tangi. Hubadilishi pampu, unabadilisha mfumo mzima wa dizeli. L5P iliiacha na kuchukua pampu ya Denso. Ram yenye Cummins 6.7 ya 2013 hadi 2018 iko karibu nayo, ina pampu ngumu ya CP3. Ram ya 2019 na 2020 iliwekewa CP4, na mwisho kampuni ikayaita magari hayo yarudi yabadilishiwe. Omba uthibitisho kwamba kazi hiyo ilifanyika.

Ford 6.7 ya 2011 kuja juu ni injini nzuri, lakini nayo ina CP4. Chukua kuanzia 2015, turbo ilipobadilishwa. Ile ya mwanzo ilikuwa na beringi zilizojulikana kwa kufa.

Ya nne ni Ford 7.3 ya 1999 hadi 2003. Ni nzito, ya kelele, haina haraka, lakini hudumu. Kwa umri wake, kagua kutu ya chasisi kabla ya injini.

Kama huvuti mizigo mikubwa kila siku, Silverado au Sierra ya petroli ya lita 6.0 au Ford ya 6.2 itakutunzia mfuko kuliko dizeli yoyote mbovu.

Sasa za kuziacha. Ford 6.0, 2003 hadi 2007: kipoza oili huziba, maji hayakifikii kipoza moshi (kinachopoza moshi wa ekzosi unaorudishwa kwenye injini), nacho hupasuka na kumwaga maji ndani ya injini. Kila silinda imeshikwa na bolti 4 tu, hivyo gasketi ya silinda hedi hunyanyuka. Ukilazimika kuipima, iendeshe hadi ipate moto, kisha linganisha joto la oili na la maji kwa kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Tofauti ikizidi nyuzi 8 za Selsiasi, kipoza kimeziba. Ford 6.4, 2008 hadi 2010, naikataa kabisa. Dizeli ya kuchomea masizi huchuruzika hadi kwenye oili, na matengenezo mengi makubwa humlazimu fundi kuinua kabini yote. Duramax LB7 ya 2001 hadi 2004 inafaa tu ikiwa nozeli zilishabadilishwa na risiti ipo, maana zimefichwa chini ya vifuniko vya vali.

Siku ya kwenda kuliona gari, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya injini. Ukikuta ina joto, ahirisha hadi kesho asubuhi, kwa sababu nozeli mbovu na gasketi iliyochoka hujionyesha injini inapowashwa ikiwa baridi.