Keki ya ghorofa tatu nyumbani: uzoefu wangu na seti ya mikebe ya 15, 20 na 25

Niseme mapema: mikebe ya seti hii ni mizuri sana, ila vijiti na vibao vya kubebea ghorofa vilivyokuja nayo usivitegemee. Nimeitumia kuokea keki ya komunio ya mtoto wa dada yangu, hapa hapa Lubumbashi, na zaidi ya watu hamsini walikula.

Ni mikebe mitatu ya mviringo, ya alumini tupu isiyopakwa rangi nyeusi ndani. Upana wake ni sentimita 15, 20 na 25, na yote ina kimo cha sentimita 8. Muuzaji aliniwekea ule mkubwa mkononi: “Mama, kamata kwanza, utasikia uzito.” Kweli ni mzito, na kitako chake hakibonyei ukikibana kwa kidole gumba. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kuta zake kusimama wima. Sufuria zetu nyingi hutanuka kuelekea juu, kwa hiyo keki hutoka na ubavu ulioinama, na kabla ya kuipangia nyingine juu yake inabidi uichonge pembeni. Ya mikebe hii hutoka imenyooka, unapaka krimu moja kwa moja.

Vipimo hivyo vitatu vina faida nyingine ambayo sijaona ikitajwa. Kwa kimo kilekile, mkebe wa 25 unachukua rojo sawa kabisa na la ule wa 15 na wa 20 yakijumlishwa. Basi kazi inagawanyika mara mbili bila kupiga hesabu: nilikoroga rojo la mayai kumi kwa mkebe mkubwa, kisha lingine la mayai kumi kwa miwili midogo. Keki yangu ni ile ya uzito sawa, yaani mayai, unga, sukari na siagi kila kimoja gramu 500 kwa mayai kumi. Ni keki iliyoshikamana, inavumilia kuchomekwa vijiti vya kubeba nyingine. Keki laini sana kama sponji ni tamu, lakini kwa ghorofa ya chini mimi siitaki. Na usikoroge yote kwa mara moja, maana baking pauda huanza kufanya kazi ikishalowa. Rojo la pili likingoja saa nzima mezani litakuwa limeishiwa nguvu.

Kuhusu hiyo baking pauda, mji wetu uko kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi kidogo, keki inaumuka haraka kisha inaweza kubonyea katikati. Mapishi ya vitabu vya Ulaya yakiniambia vijiko viwili vya chai, natia kimoja na nusu na kuongeza vijiko viwili vya maziwa.

Mkebe mkubwa ulikaa kwenye oveni karibu saa moja na nusu. Midogo ilipofika zamu yake, umeme ukakatika. Nikawasha mbabula mbili (majiko ya makala, yaani makaa), nikaweka sufuria kubwa zenye mchanga uliopata moto, mikebe ndani, vifuniko, na makala machache juu ya kila kifuniko. Hapo ndipo nilipouona vizuri ubora wa alumini nene: chini hapakuungua, na rangi ilikuwa ya kahawia ileile pande zote. Mkebe mwembamba kwenye makala ungenipa kitako cheusi.

Sasa vijiti. Keki ya juu haikalii keki ya chini, inakalia vijiti, na asiyejua hilo atashangaa kuona ghorofa zake zinazama usiku. Seti ilikuja na mirija myembamba ya plastiki. Niliusimamisha mmoja mezani, nikaukandamiza kwa kiganja, ukajikunja. Juu ya ile keki ya 25 zilikuwa zinakuja keki mbili za jumla ya kilo mbili, na krimu bado. Nikaiweka mirija kando, nikatumia vijiti vya mbao vya unene wa kalamu, vilivyooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa. Unachomeka kimoja hadi chini, unaweka alama pale kinapolingana na krimu, unakitoa, halafu vingine vyote unavikata kwa urefu wa hicho kimoja. Ukipima kila kijiti peke yake, keki itainama. Niliweka vinne kwenye ya chini na vitatu kwenye ya kati, ndani ya eneo ambalo kibao cha keki ya juu kitafunika.

Vibao vya seti ni karatasi ngumu, na vinanyonya mafuta ya krimu mpaka vinalegea. Nilivifunga kwa karatasi ya alumini, na cha chini kabisa nikakibadilisha kwa ubao halisi.

Kutoka komini ya Kampemba hadi ya Katuba, humu humu mjini, nilibeba keki tatu kwenye maboksi matatu, nikazipanga kulekule uani chini ya hema. Kwa barabara zetu sikushauri ubebe iliyokwisha kupangwa. Krimu yangu ni ya margarini, inastahimili joto kuliko siagi, lakini kwa jua la mwezi wa kumi hata hiyo uipange dakika za mwisho.

Kuosha ni maji ya uvuguvugu na sabuni tu. Magadi yanaitia alumini madoa. Kitako hakifunguki, kwa hiyo tandika karatasi ya kuokea kabla ya kumimina.

Kama utaikuta mikebe hii ikiuzwa bila vijiti na vibao kwa bei ya chini, nunua hiyo, na pesa inayobaki mpelekee seremala akukatie vijiti na ubao.