Waliniambia pampu imekufa, na geji hawakuifunga

Nimengoja hasira ipoe ndipo niandike, nayo haijapoa.

Kuna karakana ya mitambo mizito Industrial Area, upande wa Lunga Lunga Road, ambayo nusura iniuzie pampu nisiyoihitaji. Bekhou yangu, mtambo wa kuchimba mitaro, ni mtumba na ndiyo inayolipa karo nyumbani kwangu. Kabla ya mvua kuanza, ikiwa saiti kule Ruai, bumu ya nyuma, ule mkono wa kuchimbia, iligoma. Baketi ikijaa udongo hainyanyuki; ikiwa tupu inapanda, halafu inashuka yenyewe taratibu. Mengine yote yalikuwa sawa. Baketi ya mbele ilibeba murram hadi pomoni, na ile miguu ya nyuma iliuinua mtambo mzima.

Fundi wao mkuu alizunguka mtambo mara moja, akapitisha kiganja kitupu juu ya hosi injini ikinguruma. Mafuta humo yana presha ya zaidi ya bar 200. Yakitokea kwenye tundu la sindano yanapenya ngozi. Wanaojua kazi hupitisha kipande cha katoni. Akajifuta mkono, akasema pampu imekufa.

Nikamuuliza geji ya kupima presha imesoma ngapi. Geji hakuwa ameifunga. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Madam, hii si Vitz. Wewe tafuta laki mbili na nusu, ya ndani tuachie." Vijana wake wakacheka. Opareta wangu, mtu mzima aliyezeeka kwenye leva hizo, akasema kwa heshima: "Lakini fundi, kama ni pampu, miguu inapata wapi nguvu?" Akaambiwa arudi kwenye kiti chake.

Swali la mzee ndilo lililobeba uchunguzi wote. Mafuta ya bumu, ya miguu na ya baketi ya mbele yanasukumwa na pampu ile ile. Ikichoka, kila kitu kinalegea. Sehemu moja ikilegea peke yake, unaanza na valvu ya sehemu hiyo au sili, yaani mipira ya kuzuia mafuta, za silinda yake. Hata mimi nisiyeshika spana naelewa hilo.

Nilimpata kijana Kariobangi Light Industries. Kwanza alilaza bumu chini, akazima injini, akachezesha leva presha itoke ndipo akagusa nati. Akaifungua valvu ndogo ya kuachilia presha upande wa kunyanyua bumu, akaibadilisha nafasi na ya baketi ya nyuma, kwa kupima tu, maana umbo lilikuwa moja ila seti za presha si lazima zilingane. Tulipowasha, bumu ilisimama imara na baketi ndiyo ikalegea. Ugonjwa ulikuwa umehama na valvu! Ndani yake alitoa kipande cha oringi, ile pete ya mpira, iliyokatika, chembamba kama ukucha wa mtoto, kimekaa pale valvu inapotakiwa kufunga. Mafuta yalikuwa yanarudi tangini badala ya kunyanyua bumu. Aliisafisha, akaweka oringi mpya, akafunga geji na kunionyesha presha kwa macho yangu. "Mama, soma mwenyewe," akaniambia.

Nisiwaonee wale wa kwanza. Hosi wanazibana vizuri. Moja waliyonitengenezea zamani haijawahi kuvuja, na yule dada wa kaunta ana adabu zake. Nilitaka kusema nendeni kwa hosi tu.

Lakini nikikumbuka mzee wa watu akirudishwa kitini kama mtoto, na yeye ndiye aliyekuwa na jibu, hata hosi siendi kununua pale tena, na nyinyi msiende. Ada ya uchunguzi walichukua kabla ya kugusa chochote, na risiti wameandika "pampu". Nimedai wanirudishie. Sasa hivi wakiona namba yangu wanakata simu.